Akili za mwanao: ni za kurithi au za malezi?

WAHENGA walituachia methali mbili ambazo ukizitazama kwa makini utaona zinapingana. Moja husema mwana wa nyoka ni nyoka. Nyingine husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza inadai mambo yote yamo damuni na hakuna awezaye kuyabadili. Ya pili inadai yote yamo mikononi mwa mlezi. Katika nyumba nyingi za mjini methali hizi hazitajwi, lakini ndizo zinazogombana kila muhula unapofungwa na mtoto kuleta ripoti yenye alama mbovu.

Baba huitazama ripoti, kisha akamgeukia mama na kusema, "Akili hizi hazikutoka kwetu." Mama naye humkumbusha yule shemeji yake aliyerudia darasa mara tatu. Wakati huo mtoto amesimama mlangoni anasikiliza yote, na huenda akayaamini.

Swali hili huletwa kwangu kliniki mara kwa mara, aghalabu likiwa limejificha nyuma ya swali jingine. Mzazi huja na mtoto mwenye kikohozi, na anapoinuka kwenda zake huuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, kuna dawa ya kuongeza akili?" Au: "Huyu niendelee kumlipia karo, ama fedha hizo nimpe ndugu yake aliye mwerevu?" Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito. Jibu atakaloamini mzazi ndilo litakaloamua ni mtoto yupi atakayesoma na yupi atakayeachwa.

Basi, ndugu msomaji, hebu tuangalie kile kinachojulikana juu ya akili, urithi na malezi. Nakuomba usiwe na haraka ya kutafuta mshindi kati ya methali zile mbili.

Akili hupimwaje?

Kabla ya kuuliza akili hutoka wapi, ni vyema kujua ni nini kinachopimwa. Mtihani wa kwanza wa akili uliopata umaarufu ulitungwa mwaka 1905 na Mfaransa Alfred Binet akishirikiana na Théodore Simon. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuwatambua watoto waliohitaji kusaidiwa zaidi masomoni. Binet mwenyewe alionya kuwa alama za mtihani huo zisichukuliwe kama hukumu ya maisha. Wengi waliomfuata waliusahau wosia huo.

Siku hizi alama za akili, zile ziitwazo IQ kwa kifupi, hupangwa hivi kwamba mtu wa wastani hupata 100. Thuluthi mbili hivi za watu huwa kati ya 85 na 115. Mitihani hii ina manufaa yake. Huweza kubashiri kwa kiasi fulani jinsi mtoto atakavyofanya shuleni, na humsaidia daktari kutambua mtoto aliyepata madhara ya ubongo. Hata hivyo haipimi kila kitu ambacho sisi hukiita akili.

Mfano mzuri unatoka Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2001 Robert Sternberg wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha uchunguzi waliowafanyia watoto 85 wa huko wa umri wa miaka 12 hadi 15. Watoto hao waliulizwa juu ya dawa za mitishamba: ipi hutibu nini, na hutumiwa vipi. Wengi walikuwa na ujuzi wa kumshangaza daktari. Lakini waliozijua sana dawa hizo ndio waliolekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati. Maelezo waliyotoa wachunguzi hao ni kuwa watoto hawakupungukiwa na akili, bali familia zao zilikuwa zimeelekeza bidii ya kila mtoto mahali tofauti, mwingine vitabuni na mwingine katika maarifa ya nyumbani.

Wachunguzi hao walikuta pia kuwa Waluo wa huko hawana neno moja la akili. Wana rieko, yaani maarifa na ujuzi. Luoro, yaani heshima na kuwajali wengine. Paro, yaani kufikiri na kubuni. Na winjo, yaani kuelewa jambo na namna ya kulikabili. Shule na mitihani yake hugusa zaidi rieko. Kwa hivyo unapoisoma ripoti ya mwanao, kumbuka umeonyeshwa sehemu tu ya mtoto.

Kinachopitia damuni

Sasa tuje kwenye urithi. Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46. Umepata 23 kwa baba na 23 kwa mama. Ndani yake mna chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, zipatazo 20,000 hivi. Hizo ndizo zinazotoa maagizo ya kuujenga mwili, ubongo ukiwemo. Hakuna shaka kuwa zina mchango katika akili.

Lakini hakuna jeni moja ya akili, wala hakuna jeni ya ujinga. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha matokeo ya kuchunguza jeni za watu milioni 1.1. Walipata sehemu zaidi ya 1,200 zinazohusiana na idadi ya miaka ambayo mtu husoma shuleni. Kila moja ina mchango mdogo mno, na zikijumlishwa zote hueleza sehemu ndogo tu ya tofauti kati ya watu. Isitoshe, waliochunguzwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya, na matokeo yao hayawezi kutumiwa kumbashiria mtoto wa Kiafrika. Kwa hivyo mtu akikuuzia kipimo cha damu cha kukuonyesha kama mwanao atakuwa profesa, tia fedha zako mfukoni uende zako.

Kuna imani nyingine iliyoenea sana, kwamba akili za mtoto hutoka kwa mamake peke yake. Si kweli. Ni kweli kuwa baadhi ya aina za ulemavu wa akili hupitia kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mama. Lakini jeni zinazochangia akili za kawaida zimetapakaa katika kromosomu nyingi, na wazazi wote wawili wamechangia. Baba anayemlaumu mkewe kwa alama mbovu za mtoto hana msingi wowote wa kitabibu. Hali kadhalika mama anayewalaumu mashemeji.

Zipo hali ambapo urithi, au hitilafu katika kromosomu, huathiri akili waziwazi. Mtoto mwenye hali iitwayo Down ana kromosomu 47 badala ya 46, jambo lililotambuliwa na Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa mwaka 1959. Mara nyingi hali hii haitokani na ukoo wa yeyote. Ni hitilafu inayotokea mimba inapotunga, na huwa ya kawaida zaidi umri wa mama unapoongezeka. Na hata mtoto huyu hujifunza mengi akianza kufundishwa mapema.

Mfano mwingine ni ugonjwa uitwao PKU. Ni nadra sana kwetu, lakini una funzo kubwa. Mwaka 1934 mama mmoja huko Norway alikuwa na watoto wawili wenye ulemavu wa akili, na mkojo wao ulikuwa na harufu ya ajabu. Hakuchoka kuwauliza madaktari. Mmoja wao, Asbjørn Følling, aliupima mkojo huo akagundua kuwa miili ya watoto hao ilishindwa kuvunjavunja kitu fulani kilichomo katika protini za chakula, na kitu hicho kiliposalia kiliuharibu ubongo. Ni ugonjwa wa kurithi kabisa. Lakini leo, katika nchi zinazowapima watoto wachanga kwa tone la damu ya kisigino, mtoto mwenye ugonjwa huo hupewa chakula maalumu tangu siku zake za kwanza na hukua na akili za kawaida. Jeni zake ni zile zile. Kilichobadilishwa ni sahani.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani jambo la kurithi ni jambo lisilobadilika.

Pacha na mahindi

Wataalamu hutumia pacha kutenganisha urithi na malezi. Pacha wa kufanana wana jeni moja. Wasiofanana hushirikiana kama ndugu wengine. Kuanzia mwaka 1979, Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwatafuta pacha waliotenganishwa utotoni na kulelewa katika nyumba mbalimbali. Alikuta kuwa pacha wa kufanana walikaribiana mno katika alama za akili ingawa hawakulelewa pamoja. Kutokana na uchunguzi wa aina hii, wataalamu hukadiria kuwa katika nchi tajiri nusu hivi ya tofauti za alama za akili kati ya watu hutokana na urithi. Kiasi hicho huwa chini utotoni na hupanda mtu anapokua.

Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Haisemi kuwa nusu ya akili zako ulirithi na nusu ulilelewa. Inazungumzia tofauti kati ya watu, tena watu wanaoishi katika hali fulani. Hali ikibadilika, kiasi hicho nacho hubadilika.

Nitakupa mfano wa shambani. Chukua gunia la mbegu za mahindi zilizochanganyika. Panda nusu ya gunia Kitale, penye mvua na udongo mzuri, na utie mbolea. Mahindi yote yamepata matunzo sawa, kwa hivyo yakitofautiana urefu, tofauti hiyo imetokana na mbegu. Panda nusu ya pili sehemu kavu ya Makueni mwaka ambao mvua imekosekana. Huko nako mengine yatakuwa marefu kuliko mengine, na tofauti hiyo pia ni ya mbegu. Lakini je, ukilinganisha shamba la Kitale na lile la Makueni, utasema mbegu ya Makueni ni mbovu? Mbegu ni za gunia moja. Kilichotofautiana ni mvua na udongo.

Uchunguzi wa Eric Turkheimer na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2003, unakubaliana na mfano huu. Walipowachunguza pacha wa miaka saba, walikuta kuwa katika familia zenye uwezo tofauti za akili zilitokana zaidi na urithi. Katika familia maskini mchango wa urithi ulikuwa karibu na sufuri, na mazingira ya nyumbani yalieleza sehemu kubwa. Katika nchi za Ulaya Magharibi, ambako hata maskini hupata matibabu na shule nzuri, jambo hilo halikuonekana. Maana yake ni kuwa mbegu huonyesha uwezo wake pale tu inapopata mvua.

Walipopima bongo za Wakenya

Si vibaya tukumbushane kuwa mjadala huu una historia katika jiji letu la Nairobi. Mwaka 1934, Dkt F.W. Vint, aliyefanya kazi katika maabara ya utabibu ya serikali ya kikoloni, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kupima bongo za wanaume Waafrika waliofia katika hospitali za wenyeji. Alisema kwa wastani zilikuwa na uzito wa gramu 1,276, ilhali za Wazungu zilikuwa gramu 1,428. Dkt H.L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alishika bendera ya hoja hiyo. Alidai Mwafrika ana upungufu wa kuzaliwa nao, na akatilia shaka manufaa ya kumpa elimu ya Kizungu. Mwaka 1933 walowezi na madaktari kadhaa walikuwa wameunda chama Nairobi cha kuzungumzia mambo hayo ya mbari na urithi. Serikali ya Uingereza iliombwa fedha za kuendeleza uchunguzi huo, lakini haikuzitoa.

Kasoro za hoja ile zinaonekana wazi. Uzito wa ubongo hutegemea ukubwa wa mwili, umri, lishe na maradhi yaliyomuua mtu. Uhusiano wake na akili ni hafifu. Albert Einstein alipofariki mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 76, ubongo wake ulipimwa ukapatikana kuwa gramu 1,230, chini ya ule wastani wa Vint wa Wakenya. Hakuna aliyesema Einstein hakufaa kusomeshwa.

Madaktari wale walitazama shamba la Makueni wakailaumu mbegu. Na hivyo ndivyo afanyavyo baba anayesema mtoto wake "amezaliwa hivyo" kabla ya kuuliza amekula nini, ameugua nini na amesoma wapi.

Embu yatoa jibu

Jibu zuri kabisa kwa Vint na Gordon lilitoka kilomita 120 hivi kutoka Nairobi, mashambani mwa Embu. Mwaka 1984 watoto wa huko wa umri wa kama miaka saba walipewa mitihani ya akili. Mmoja ulikuwa ule wa Raven, usiohitaji maneno: mtoto huonyeshwa mchoro wenye pengo na kutakiwa kuchagua kipande kinacholijaza. Mwaka 1998, miaka 14 baadaye, watoto wengine wa umri huo na wa eneo hilo walipewa mtihani ule ule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Alama zilikuwa zimepanda kwa kiasi cha pointi 26 hivi za akili.

Pointi 26 ni nyingi mno. Ni zaidi ya tofauti kati ya mtoto anayeburura mkia darasani na yule wa wastani. Na jeni za watu haziwezi kubadilika kwa miaka 14. Watoto wa 1998 walikuwa wadogo na binamu za wale wa 1984. Damu ilikuwa moja.

Nini basi kilichobadilika? Wachunguzi walitaja mambo matatu: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa zimepungua ukubwa, na lishe na afya ya watoto ilikuwa imeimarika. Msomaji mwenye umri atakumbuka pia kuwa 1984 ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, tukala mahindi ya manjano. Huenda njaa hiyo iliwavuta chini watoto wa wakati ule. Lakini hiyo pia ni hoja ya mvua, si ya mbegu.

Embu haikuwa peke yake. James Flynn wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alionyesha katika miaka ya 1980 kuwa alama za akili zilikuwa zikipanda katika nchi nyingi, kwa kiasi cha pointi tatu kila miaka 10. Kilichotushangaza ni kasi ya Embu.

Kisha Embu ilitupa funzo la pili. Kati ya 1998 na 2000, Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California na wenzake wa Kenya waliwafuata watoto zaidi ya 500 katika shule 12. Kundi moja lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, jingine githeri na maziwa, la tatu githeri yenye nyama, na la nne halikupewa chakula shuleni. Vyakula vile vitatu vilitoa nguvu sawa mwilini. Waliopanda zaidi katika mtihani wa Raven ni waliokula githeri yenye nyama, na hao pia walionekana wachangamfu na wenye kuongoza wenzao katika michezo. Nyama ina madini ya chuma na zinki na vitamini B12, vitu ambavyo ubongo hauwezi kufanya kazi vizuri bila kuvipata.

Adui wa ubongo

Ubongo hukua kwa kasi ya ajabu. Mtoto anapozaliwa ubongo wake ni robo hivi ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka miwili umefika kama robo tatu. Ndiyo maana madhara yanayotokea tumboni na katika miaka hiyo ya kwanza hudumu.

Adui wa kwanza ni utapiamlo wa muda mrefu, ule unaomfanya mtoto awe mfupi kuliko umri wake. Mwaka 2014 asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 18. Tumepiga hatua, lakini hao bado ni karibu mmoja kati ya watano.

Wa pili ni ukosefu wa iodini. Mama mjamzito akikosa madini haya, ubongo wa mtoto haukomai inavyotakiwa. Katika sehemu zenye upungufu mkubwa, watoto hupungukiwa na zaidi ya pointi 10 za akili. Ndiyo sababu sheria yetu inataka chumvi ya mezani itiwe iodini.

Wa tatu ni malaria inayopanda kichwani. Uchunguzi uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria hiyo bado alikuwa na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. Homa ya uti wa mgongo nayo huacha wengine viziwi.

Wa nne ni madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu mtaa wao hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza vita hivyo, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Mzazi afanye nini?

Huwezi kubadili jeni za mwanao. Lakini yafuatayo yako katika uwezo wako, na mengi yake si ya gharama kubwa.

Kwanza, mama aanze kliniki mapema akiwa mjamzito, ameze tembe za kuongeza damu na alale ndani ya neti. Asiguse pombe, iwe ya chupa au chang'aa. Ajifungulie hospitalini, kwa sababu mtoto anayechelewa kulia au anayegeuka manjano sana huweza kudhurika ubongo kwa saa chache tu.

Pili, mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha umwanzishie vyakula mchanganyiko. Si lazima kila siku iwe nyama. Omena, yai, ini, maziwa na maharagwe vinasaidia sana. Usimzoeshe mtoto chai na mkate kila siku, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Tatu, nunua chumvi iliyotiwa iodini na uihifadhi katika chombo chenye kifuniko.

Nne, kamilisha chanjo zote. Homa yenye degedege au usingizi usio wa kawaida si jambo la kungoja asubuhi. Mkimbize mtoto hospitalini.

Tano, ukifanya kazi ya betri, ya kuchomelea risasi au ya kukwangua rangi kuukuu, vua nguo za kazi na uoge kabla ya kumbeba mtoto.

Sita, kabla ya kusema mtoto hana akili, mpeleke apimwe macho na masikio. Nimewaona watoto wengi walioitwa wajinga ambao hawakuwa wakiliona ubao. Msichana mmoja wa gredi ya nne aliletwa kwangu kwa sababu ya kuumwa na kichwa. Aliponiambia maandishi ya mwalimu "hucheza", nilimtuma kwa daktari wa macho, na muhula uliofuata alikuwa na miwani na alama mpya. Kadhalika mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku huenda ana aina ya kifafa ambayo ina dawa.

Saba, zungumza na mtoto na umchezeshe. Huko Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachunguza watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili, na mhudumu wa afya aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Vichezeo vingi vilitengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Watoto hao walipofika umri wa miaka 22 walikuwa wakipata mapato ya juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Chupa tupu, vifuniko na gari la waya vinatosha. Mwambie majina ya vitu, muulize maswali, umsimulie hadithi kwa lugha unayoijua vizuri.

Nane, usimtoe shule. Uchunguzi uliokusanya habari za watu zaidi ya 600,000 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kila mwaka wa shule huongeza pointi moja hadi tano za akili. Wewe unayesema utamlipia karo akionyesha akili umeanza mkia mbele. Shule yenyewe ni sehemu ya kinachozileta.

Sisemi kila mtoto atakuwa wa kwanza darasani. Watoto watatofautiana, na urithi ni sababu mojawapo. Hata ndugu waliolala kitanda kimoja na kula chungu kimoja hutofautiana. Mwingine atapenda hesabu, na mwingine ataifungua redio na kuirudisha ilivyokuwa. Kumsaidia kila mmoja afuate alichojaliwa ni hekima. Lakini kumhukumu mtoto wa miaka minane kuwa hana kitu, eti kwa sababu mjomba wake naye hakuwa na kitu, ni kurudia kosa la wale waliopima bongo za babu zetu kwa mizani.

Ripoti ya muhula huu ikija na alama mbovu, usianze na ukoo. Anza na maswali haya: Anakula nini asubuhi? Anaona ubao? Anasikia vyema? Analala saa ngapi? Amewahi kulazwa kwa malaria au degedege? Mwalimu wake anasemaje? Andika majibu kwenye karatasi, umchukue mtoto na kadi yake ya kliniki, mwende mkamwone daktari. Ukiwa na majibu hayo, kazi yake itakuwa nyepesi.